Pongo wa Boke

Tangu Boke afe, mimi sikai. Nikivuta kigoda nikae, kabla chai haijapoa nimeshasimama, nimekwenda zizini, nimerudi, nimekwenda tena kwenye ua wa mikonge kuchungulia njia kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Hakuna mgeni. Binti yetu Gati ameolewa Sirari, anauza nguo pale mpakani, na mji huu umebaki na mimi, ng'ombe, na pongo anayebweka kule korongoni.

Kwa asiyemjua pongo, ni jamii ya swala, ila hapendi mbuga wala kundi. Anakaa kichakani peke yake, karibu na maji na karibu na mashamba ya watu. Ni mwekundu kama kichuguu, ana madoa meupe ubavuni kama mtu amemnyunyizia chokaa. Dume ana pembe, jike hana. Akishtuka anabweka kama mbwa. Watalii wanapita kwetu huku upande wa Nyansurura wakikimbilia simba wa hifadhini, vumbi lao tunalila sisi, na sijaona hata mmoja aliyesimamisha gari amwangalie pongo. Wakubwa wetu nao hivyohivyo. Mnyama asiyeleta gari la mgeni hawamjui.

Huyu wa korongoni ni jike, na ni marehemu mke wangu aliyemlea. Mbwa walimuua mama yake wakati wa palizi. Boke akamkuta mtoto amejilaza kwenye mahindi, hatikisiki, masikio ameyabana mgongoni. Akamfunga kwa khanga, akaja naye nyumbani kama mtu aliyejifungulia shambani.

Nikamwambia, "Mwanamke, huyo ni mali ya serikali."

"Basi serikali ije imnyonyeshe," akanijibu, na kibuyu cha maziwa kiko tayari mkononi.

Akakua hapo jikoni, analala karibu na mafiga. Alipoanza kushinda kichakani na kurudi jioni, Boke akasema sasa inabidi akatwe sikio. Kwetu mnyama asiye na alama ni wa yeyote anayemkuta. Kila nyumba ina mkato wake. Ng'ombe wako akipotea akaonekana Kenyamonta, wazee wa huko watashika sikio, watalisoma kwa vidole, na habari itatembea mpaka ikufikie. Serikali imeleta hereni zake za plastiki zenye namba, lakini hereni ikinaswa na mwiba imeng'oka. Mkato haung'oki.

Siku ya kumkata mimi nilikuwa mnadani Mugumu. Niliporudi nikaona kisu kimeoshwa kimewekwa juani, na mtoto wa pongo ana majivu sikioni.

"Umemkata?"

"Nimemkata. Sasa hata akiingia kwa mtu, watajua ana kwao."

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na njaa. Haikupita muda pongo akahamia kichakani moja kwa moja, akawa hatusogelei tena, na Boke akawa anamwona kwa mbali tu asubuhi akienda kuchota maji. Alikuwa anarudi na ndoo kichwani anatabasamu peke yake.

Mvua zilizofuata, Boke akashikwa na tumbo. Kalavati la barabara yetu lilikuwa limevunjika tangu mvua za nyuma yake. Kila mkutano wa kijiji tuliambiwa litatengenezwa, vifaa viko njiani. Gari la kukodi la kumpeleka hospitali likakwama palepale, maji yanapita juu ya magurudumu, watu wanasukuma, na mimi niko nyuma nimemshika mke wangu. Alinifia begani. Mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa anatuahidi kila mkutano jina lake ni Waitara, na Waitara ni kaka yake Boke, baba mmoja mama mmoja. Nilimwambia mbele ya kaburi, watu wote wanasikia, kwamba kiti chake kimemla dada yake. Tangu siku hiyo sijakanyaga kwake, na yeye hajakanyaga kwangu. Neno shemeji lilikufa siku hiyo. Namwita mwenyekiti.

Nguo za Boke walizichukua ndugu zake siku ya kumaliza msiba, kama ilivyo desturi. Sufuria alichukua Gati. Kitu chenye uhai kilichopita mikononi mwake, kikabaki, ni huyo mnyama.

Sasa mwaka huu ukaja mradi wa maji. Siukatai, maji tunayataka. Lakini siku moja natoka na ng'ombe nakuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimepigwa toka barabarani mpaka korongoni, na vimepita katikati ya kichaka, tena pale penye giza zaidi ambapo pongo analala. Nikauliza, nikaambiwa katapila litasafisha njia yote, kichaka hakitabaki, wachimbe mtaro wa bomba.

Nikaenda mkutanoni. Nikanyoosha mkono mpaka ukauma.

"Mwenyekiti," nikasema, "hicho kichaka kina mnyama."

"Mnyama gani, Baba Gati?"

"Pongo."

Mtu wa nyuma akadakia, "Angekuwepo tungeshamla!" Mkutano mzima ukacheka. Nikageuka kumtafuta aliyesema, nikaona meno tu.

Waitara hakucheka. Aliinamia karatasi zake. "Wataalamu walipita pale. Wamesema hakuna mnyama, ni kichaka tu."

"Walipita saa sita mchana, vioo vya gari vimefungwa! Pongo saa sita amelala. Hata wewe saa sita umelala."

"Mimi siwezi kupeleka wilayani maneno ya mdomo," akasema. "Lete picha."

"Picha?"

"Picha, mura. Simu si unayo? Katapila linaanza Jumatatu ya wiki ijayo. Ukileta picha inayoonekana kabla ya hapo, nitaongea nao wasogeze vigingi. Usipoleta, usinisumbue."

Alijua ananinyamazisha. Mzee aliyeishia darasa la nne, mwenye macho ya ukungu, akampige picha mnyama ambaye hata wawindaji wanamsikia tu. Nilitoka pale damu inachemka, nikatembea mpaka nikapita kwangu bila kujua, ikabidi nirudi.

Simu ninayo, Gati alinitumia kwa basi Krismasi iliyopita, ya kupangusa kwa kidole. Ilikuwa imelala sandukuni kwa sababu ilipolia mara ya kwanza nilimkatia aliyepiga. Nikaitoa nikaipeleka kwa Jerioth.

Jerioth ni jirani yangu, mjane Mjaluo kutoka upande wa Shirati, anauza samaki wa kukaanga na kuchaji simu za watu kwa sola. Mdomo wake haufungwi, lakini siku za msiba alipika bila kuitwa.

"Yawa, Baba Gati! Leo umekumbuka kwamba dunia ina watu?"

"Nionyeshe kupiga picha."

"Picha ya nini? Unatafuta mchumba?"

"Natafuta pongo."

Akaniangalia, akaona sitanii, akafuta mikono ya mafuta kwenye aproni. Akanionyesha wapi pa kubonyeza. Nikabonyeza hapo kwake mara nyingi, kila nikibonyeza inalia klaki, kuku wanaruka.

Asubuhi ya kwanza nilijibanza kwenye kichuguu kabla hakujapambazuka vizuri. Pongo akatoka kunywa maji. Nikauona ubavu wake na madoa yake, nikainua simu nikabonyeza. Ikamulika kama radi, ikalia klaki. Pongo akabweka mara moja, nikabaki naangalia majani yanayotikisika.

Nikampelekea Jerioth aiangalie ile picha. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Nyasaye! Umejipiga mwenyewe! Tazama, paji la uso, pua na mwanga. Hata mimi ningekuwa pongo ningekimbia."

Akampigia Gati, akaniwekea simu sikioni.

"Tata, shikamoo. Umewasha ile kamera ya mbele. Na uzime flashi, na uzime sauti. Huyo mnyama si wa studio."

"Marahaba. Zizime wewe."

"Nizizime vipi na mimi niko Sirari? Mpe Mama Jerioth."

Zikazimwa. Kesho yake nikarudi, nikapata picha ya majani. Kesho kutwa nikapata mkia. Siku nyingine nikapata kitu chekundu kama kitambaa kimetupwa kichakani, nikakipeleka kwa mwenyekiti ofisini kwake. Akakiangalia kwa mbali, hakutaka hata kuishika simu.

"Hii inaweza kuwa mbuzi," akasema.

"Mbuzi ana madoa hayo?"

"Baba Gati, lete picha inayoonekana."

Nikatoka bila kuaga. Ofisi ina kiti cha wageni kimevunjika mguu mmoja, kimeegeshwa ukutani. Hata kile hawatengenezi.

Lakini katika mahangaiko yale nilianza kumjua. Mwanzo nilikuwa namwendea kama ng'ombe aliyepotea, nampigia mluzi, nazunguka huku namwonyesha mgongo. Pongo hataki mambo hayo. Nikaona ana njia zake, nyembamba kama uzi, na hazibadilishi. Nikaona kwamba ngedere wakipanda mkuyu mkubwa wa pale korongoni kula tini, yeye anakuja kusimama chini, anaokota zinazoanguka. Ukitaka kumjua aliko, sikiliza ngedere wanagombana wapi. Nikaona pia kuna mahali pamoja kwenye nyasi ndefu anapoingia kila jioni, anakaa kidogo, anatoka anajilamba, anaangalia nyuma. Nikamwachia pale, sikusogea. Nimefuga maisha yangu yote. Jike anayeingia na kutoka hivyo ameficha kitu.

Ila sikio sikuwahi kuliona. Macho yangu hayafiki. Na mimi nilitaka sikio kuliko kichaka chenyewe. Usiku nikigeuka kitandani nilikuwa najiuliza, je, kama huyu ni pongo mwingine tu, na yule wa Boke aliliwa zamani, supu ikanywewa na hao wanaocheka mkutanoni? Nahangaikia mnyama wa nani? Nikawaza hivyo mpaka nikachukia chakula.

Ikafika Jumapili. Katapila lilikuwa limeshaletwa, limeegeshwa barabarani kwenye lori refu, watu wametoka kanisani wanalizunguka kama bibi harusi. Dereva wake, kijana mmoja anaitwa Method, alikuwa amekaa kivulini anakula muwa. Nikampita, nikaenda kufungulia ng'ombe. Nilikuwa nimekata tamaa, basi nikawaacha wajiendee wanakotaka, na wao wakateremka korongoni kufuata maji.

Hapo ndipo nikaona kitu ambacho mchungaji yeyote angekiona mapema kama asingekuwa na hasira. Ng'ombe waliingia mpaka karibu na mkuyu, wanapuliza pua, wanavunja vijiti, na pongo alikuwepo pale chini na hakukimbia. Alinyanyua kichwa, akawaangalia, akaendelea kuokota tini. Anayemwogopa yeye ni mtu. Ng'ombe amekua nao, alinyonya maziwa yao.

Nikainama. Nikajiingiza katikati ya kundi, nimeshika bega la jike langu mzee mwenye pembe zilizoangukia chini, natembea anavyotembea, akisimama nasimama. Goti langu la kulia lilikuwa linapiga kelele. Kinyesi kimenijaa kwenye sendo. Tukasogea, tukasogea, mpaka nikawa nasikia pongo anavyotafuna. Nikapitisha simu chini ya shingo ya ng'ombe nikabonyeza. Haikulia. Nikabonyeza tena. Pongo akageuza kichwa upande, akatega sikio, nikabonyeza. Halafu nyasi zikafunguka nyuma yake na mtoto akatoka, miguu kama vijiti vya kuchomea nyama, akaenda moja kwa moja chini ya tumbo la mama yake akaanza kusukuma. Nikabonyeza na hiyo. Machozi yananitoka kwa sababu ya nzi.

Nikakimbia kwa Jerioth na umri wangu huu.

Safari hii hakucheka. Aliishika simu kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Huyu hapa. Na mtoto!" Akaita mteja aje aone, halafu akamfukuza kabla hajafika. Uso ukambadilika. "Baba Gati, ngoja kwanza. Sikio hili limekatwa na kisu."

"Ndiyo. Ni yeye! Ni wa Boke!"

"Punguza sauti. Wewe ukiwapelekea hii, hawataona kichaka, wataona kisu. Watauliza nani alimshika mnyama wa pori akamkata sikio. Watasema ulikuwa unafuga nyara ya serikali. Hao watu unawajua kuliko mimi. Kukusaidia hawana mafuta ya gari. Kukukamata watayapata."

Alisema kweli. Nikakaa kwenye benchi lake, nikasimama.

"Sasa tufanye nini?"

"Picha inakatika. Tunaondoa kichwa, tunabakiza mwili na madoa. Mwenyekiti alisema mnyama aonekane, hakusema aonekane masikio." Akaanza kuivuta picha kwa vidole viwili ikakua, ikajaa sikio lote, kubwa kama kiganja changu. "Nionyeshe mkato unaanzia wapi nijue pa kukata."

Nikainama kuangalia, na nikasahau alichoniuliza.

Mkato wa nyumba yetu ni mmoja, kwenye ncha, unatoka kama mdomo wa ndege. Baba yangu alikata hivyo, babu yangu alikata hivyo, ng'ombe wangu wote wako hivyo. Sikio hili ncha yake ilikuwa nzima, ina nywele zake. Mikato ilikuwa pembeni, ukingo wa chini, miwili imefuatana kama meno ya mtoto. Huo mkato naujua. Ni wa nyumba ya mzee Mogesi, baba yake Boke. Ng'ombe wangu wa mahari walipofika kule waliongezewa mikato hiyo miwili mbele ya macho yangu, nikiwa nimesimama kijana, nimevaa koti la kuazima.

"Vipi?" Jerioth akauliza. "Baba Gati? Vipi?"

"Si wangu," nikasema.

"Si umesema ni wa Boke?"

"Ni wa Boke. Si wangu."

Nikamwomba simu yangu. Nikatembea. Nilizunguka zizi sijui mara ngapi, jua likazama niko palepale nazunguka. Wale ng'ombe, Boke ndiye aliyewakamua, aliyewapaka dawa ya kupe, aliyewaita kila mmoja kwa jina lake. Wote wana ncha iliyokatwa. Watu wakipita husema ng'ombe wa Wangwe, na Wangwe ni mimi. Kwetu hakuna anayemuuliza mwanamke alama yake ni ipi, anatoka kwenye alama ya baba anaingia kwenye alama ya mume. Kumbe yeye alikuwa nayo. Alikaa nayo mkononi miaka yote ile, akaja kuitumia mara moja, kwa mnyama ambaye hakutoka zizini kwangu wala kwa baba yake. Na siku ile mimi nikauliza umemkata, nikaomba chakula.

Ukimkuta mnyama wa nyumba nyingine, desturi haikuruhusu umkate, umuuze wala umfiche. Unapeleka habari kwa wenyewe. Mzee Mogesi alishakufa. Mwenye alama ile sasa ni mtoto wake wa kiume, na mtoto wake wa kiume ni mwenyekiti wa kijiji.

Jumatatu alfajiri nikaenda. Nilimkuta Waitara uani ananawa uso kwenye beseni, koti lake la kazi liko begani. Aliponiona mlangoni pa ua akabaki na maji yanadondoka kidevuni.

"Karibu," akasema.

"Sikuja kukaa."

"Umeleta picha."

"Nimeleta habari ya mali yenu."

Akafuta mikono kwenye suruali, akapokea simu, akaiweka mbali na macho, akaisogeza. Nilimwona anavyomwangalia mnyama, halafu anavyoangalia sikio. Midomo ikamlegea. Akapeleka kidole kwenye kioo kama mzee anayesoma sikio la ng'ombe, na picha ikaruka, akaja mtoto.

"Imekwenda wapi?"

"Umeigusa. Hivi, irudishe."

Ikarudi. Akavuta pumzi. "Nani alikata hivi?"

"Unaniuliza mimi? Soma."

"Ni mkono wa Boke," akasema polepole. "Mkato wa pili ni mfupi kuliko wa kwanza. Wake ulikuwa hivyo sikuzote. Mzee alimfundisha yeye. Mimi ndiye niliyekuwa wa kiume, lakini nikiona damu nilikuwa naanguka. Yeye anakata, mimi natoka zizini na kisu mkononi, watu wanasema Waitara ameshakuwa mwanaume." Akacheka kidogo. "Hakuwahi kunisema. Hata tukigombana."

Nilisimama namsubiri. Nilitaka aseme kalavati. Nilitaka neno hilo moja litoke mdomoni kwake mwenyewe, pale uani kwake, bila mkutano wala karatasi. Hakulisema. Chini kule bondeni katapila likawashwa, likakohoa, likanguruma.

Waitara akavaa koti. "Twende," akasema.

Tulikwenda, yeye mbele na mimi nyuma, mimi nikitaka kumpita na njia haitoshi watu wawili. Method alikuwa ameshasogea mpaka kigingi cha kwanza cha kichaka, ndoo ya katapila iko juu. Ngedere walikuwa wanapiga kelele mkuyuni. Waitara akasimama mbele ya chuma kile na koti lake, akanyoosha mkono.

"Zima."

"Shikamoo mwenyekiti. Mimi nafuata vigingi."

"Zima, nimesema."

Likazimwa. Method akachungulia. "Kuna shida gani? Injinia amesema mpaka mchana niwe nimefika ng'ambo."

"Humo ndani kuna mnyama wa baba yangu."

"Ng'ombe?"

 Waitara alishika kigingi cha kwanza akakitikisa kama jino, kikang'oka. Akang'oa cha pili. Suruali yake nzuri imejaa umande. Akasimama na vigingi kwapani, akaangalia kushoto, ni mwamba. Akaangalia kulia. Kulia ni shamba langu, mahindi yanayotoa mbelewele, yaliyotaka mvua moja tu yakomae. Akaniangalia mimi, akaangalia mahindi, akaangalia chini.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana siku ile. Matusi yote nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu usiku. Nikasikia sauti yangu inasema, "Pitisha hapo."

"Yana mbelewele, shemeji."

"Nayaona."

"Utakuja kunitukana mkutanoni."

"Nitakutukana kwa ajili ya kalavati. Kila mkutano, mpaka lijengwe au nife. Kwa mahindi sitakutukana."

Aliinamisha kichwa. Hakujitetea, na hakuomba msamaha. Alichukua jiwe akaanza kupiga kigingi cha kwanza kwenye mstari wa mahindi yangu, anapiga vibaya, kinainama. Nikamnyang'anya jiwe nikapiga mwenyewe. Yeye akashika kigingi, mimi nikapiga, tukaenda hivyo mpaka tukazunguka kichaka chote. Method akawa anauliza injinia akimuuliza aseme nini, Waitara akamwambia, "Sema ni mimi, na sababu nitampa mwenyewe."

Katapila likaingia kwenye mahindi. Sikubaki kuangalia. Sauti yake nilikuwa naisikia tu, kama mtu anatafuna mifupa.

Jioni Waitara akamtuma mtu kwa Jerioth, anaomba ile picha, ya kwake mwenyewe, si ya ofisi. Nikampelekea Jerioth simu, akaniuliza, "Nimtumie zote?"

"Mtumie ya sikio," nikasema.

"Na ya mtoto?"

"Hiyo ya mtoto niachie."

Akanitazama kwa jicho lake lile, akafanya nilivyosema, kwa mara ya kwanza bila neno. Nikarudi nyumbani, nikavuta kigoda, nikafungua simu. Mtoto yule masikio yake yote mawili ni mazima, mapana, jua limepita ndani yake yakawa mekundu. Hana alama ya baba yangu, wala ya Mogesi, wala hereni ya mtu. Nilimwangalia mpaka chai ikapoa. Halafu kule korongoni mama yake akabweka, na mimi nikasimama kwenda kuona kuna nini.